Tafuta Kona Kabla ya Mashine

Miaka michache iliyopita niliitwa kuangalia dari ya ofisi moja jijini Dar es Salaam. Juu ya meza ya mapokezi palikuwa na doa la maji, la rangi ya chai, ambalo lilirudi kila dari ilipopakwa rangi upya. Fundi bomba alikuwa amekuja na kuondoka. Fundi wa kiyoyozi naye alisafisha njia ya kutolea maji, akasema haina tatizo. Wote wawili walikuwa sahihi. Tulipopanda juu ya dari na tochi tulikuta hakuna bomba linalovuja. Maji yalidondoka kutoka kwenye kona ya dakti, yaani ile njia ya bati yenye pembe nne inayosambaza hewa baridi jengoni. Mahali vipande viwili vya dakti vilipounganishwa, kwenye kona ya chini, palikuwa na upenyo wa kupitisha njiti ya kiberiti. Hewa ya nyuzi 14 ilitoroka hapo na kulipoza bati la nje, na mvuke wa joto la Pwani ulipoligusa bati hilo ukageuka maji.

Nilipoifungua ile kona nilikuta pembe ya chuma, ambayo mafundi huiita kona, iliyopachikwa ndani ya flanji (ukingo wa ncha ya dakti) ikichezacheza kama jino linalotaka kung'oka. Pembe ilitoka kwa mtengenezaji mmoja, na mashine iliyokunja flanji ilitoka kwa mwingine. Mwenye karakana iliyoitengeneza dakti hiyo alikuwa amenunua mashine imara, ya haraka, kwa bei aliyoifurahia. Jambo moja hakuliuliza: kona zake zinauzwa wapi?

Tangu siku hiyo, kila mtu anayeniomba ushauri kuhusu mashine ya rola ya kukunjia flanji za dakti namwambia neno lile lile: tafuta kona kwanza, mashine baadaye. Makala haya yanaeleza sababu yake, na mambo mengine ya kupima kabla hujatoa fedha.

Flanji na hewa inayopotea

Dakti haijengwi kwa kipande kimoja. Bati la kawaida lina upana wa mita 1.22 na urefu wa mita 2.44, kwa hiyo dakti nyingi hutengenezwa kwa vipande vya zaidi kidogo ya mita moja, kisha vipande hivyo huunganishwa juu ya dari. Flanji ni ule ukingo uliosimama kwenye ncha ya kila kipande. Flanji mbili hukutanishwa uso kwa uso, katikati huwekwa gasketi laini, kona nne hufungwa kwa bolti, na pande zote hubanwa kwa klipu.

Kwenye dakti ya mita 60 kuna maungio yapatayo hamsini, na kila ungio lina kona nne. Hizo ni kona mia mbili ambamo hewa yaweza kutoroka. Kanuni ya Uingereza iitwayo DW/144 hupanga dakti katika madaraja kulingana na uvujaji. Chini ya mgandamizo wa paskali 500, dakti ya daraja A yenye eneo la mita za mraba 100 inaruhusiwa kupoteza takriban lita 153 za hewa kwa sekunde. Dakti ya daraja C, kwa mgandamizo huo huo na eneo hilo hilo, inaruhusiwa lita 17 tu. Tofauti hiyo ya mara tisa hutokana zaidi na ubora wa maungio na mishono kuliko ubora wa bati lenyewe.

Mwenye jengo ndiye anayelipia hewa hiyo kila mwezi. Nguvu inayotumiwa na feni hupanda kwa kasi kuliko hewa inayosukumwa: ukitaka feni isukume hewa zaidi kwa asilimia 10 ili kufidia iliyovuja, nguvu itapanda kwa asilimia 33 hivi. Kwenye chumba cha upasuaji hasara si ya umeme peke yake, kwa sababu hewa isiyofika ni usafi usiofika.

Njia tatu za kutengeneza flanji

Njia ya zamani ni chuma cha pembe. Fundi hukata vipande vinne vya chuma, huvichomelea kuwa fremu, hutoboa matundu, hupaka rangi ya kuzuia kutu, kisha huipigilia fremu kwenye dakti kwa ribiti. Flanji hii ina nguvu sana, na kwa dakti za moshi wa jikoni au za mgandamizo mkubwa bado ina heshima yake. Gharama yake ni uzito na muda. Chukua dakti ya sentimita 60 kwa 40, yenye urefu wa mita 1.22. Mzunguko wake ni mita 2, hivyo ncha mbili zinahitaji mita 4 za flanji. Chuma cha pembe cha milimita 25 kwa 25, chenye unene wa milimita 3, kina uzito wa kilo 1.1 hivi kwa mita. Hapo umeongeza kilo 4.5 kwenye dakti ambayo bati lake, likiwa la milimita 0.7, lina kilo 13 na kidogo. Theluthi nzima ya uzito imeongezeka, na dari ndiyo itakayoubeba.

Njia ya pili ni flanji ya kuvalishwa. Mashine hukunja utepe wa bati kutoka kwenye koili kuwa umbo lenye mfuko, mara nyingi la kimo cha milimita 20, 30 au 40. Fundi huukata kwa vipimo, huunganisha vipande vinne kwa kona, kisha huivalisha fremu hiyo kwenye ncha ya dakti na kuikaza kwa skrubu, ribiti au kuchomelea kwa nukta. Uzuri wake ni kwamba hukubali dakti za unene mbalimbali, na humwokoa fundi kwenye viwiko na vipande vyenye umbo gumu.

Njia ya tatu ni flanji inayokunjwa kutoka kwenye bati lile lile la dakti. Sokoni hujulikana kwa herufi TDF au TDC. Bati likiwa bado bapa, limekatwa na kuchongwa pembe zake, ukingo wake hupitishwa kwenye mashine ya rola na hutoka ukiwa flanji kamili. Baada ya hapo bati hupindwa, mshono wa urefu hufungwa, na kona nne hupachikwa. Flanji hii haina kiungo na dakti, kwa hiyo ubavuni hakuna pa kuvujia. Udhaifu wote umesukumwa kwenye zile kona nne.

Karakana nyingi zinazokua huitaka hii ya tatu, kwa kuwa haihitaji utepe wa kununua na huenda haraka. Ndiyo nitakayoizungumzia zaidi, ingawa mengi yanahusu mashine za flanji ya kuvalishwa vilevile.

Haba na haba hukunja bati

Mwenye kuelewa jinsi rola zinavyofanya kazi hadanganywi kirahisi na muuzaji. Mashine ya rola haikunji bati kwa pigo moja. Ina jozi za rola zilizopangwa kwa mstari, na kila jozi hulikunja bati kidogo tu kuliko jozi iliyotangulia. Jozi ya kwanza huinua ukingo kwa nyuzi chache, ya pili huongeza, ya tatu huanza mkunjo mwingine, na jozi ya mwisho hutoa umbo lililokamilika. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba ni flanji.

Bati likilazimishwa kukunjwa sana katika hatua moja, ukingo wake hunyooshwa kuliko sehemu ya katikati, na kwa kuwa chuma hakisahau, bati litatoka limepinda kama upinde, au limesokoteka, au limefunguka kwenye ncha. Kwa hiyo mashine mbili zenye umbo moja la flanji, moja ikiwa na jozi chache na nyingine jozi nyingi, hazilingani hata kama zinafanana kwa macho. Yenye jozi chache ni fupi na nafuu, lakini bati huteseka ndani yake. Muulize muuzaji idadi ya jozi, kisha mwombe akuonyeshe bati likisimamishwa katikati ya mashine ili uone kila jozi inafanya nini. Ukiona jozi mbili za mwisho ndizo zinazofanya kazi kubwa, shika fedha zako.

Kona ndiyo ndoa

Umbo la flanji likishachaguliwa, umefunga ndoa na kona yake. Kona ni kipande cha chuma kilichopigwa kwa kalibu, kinene kuliko bati la dakti, chenye tundu la bolti. Mabawa yake mawili lazima yaingie ndani ya mfuko wa flanji na kushikwa pande zote. Mfuko ukizidi kwa nusu milimita, kona italegea. Ukipungua, fundi atapiga nyundo mpaka flanji ipasuke. TDF na TDC huonekana kama mapacha, lakini kona ya mmoja haikai sawasawa kwa mwingine, na mashine zinazoiga umbo lolote kati ya hayo huweza kutofautiana na asili yake.

Kwa hiyo kabla ya kuzungumza bei ya mashine, nenda madukani. Tafuta wauzaji wa vifaa vya dakti Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa au Kampala, ulipo wewe, na uulize ni kona gani wanazo siku zote, si wanazoweza kuagiza. Nunua kumi. Pima unene, urefu wa bawa na kipenyo cha tundu, ujue kama ni la bolti ya M8 au M10. Kona hizo ndizo utakazozichukua kwenda kuijaribu mashine.

Klipu nazo ni za familia hiyo. Mashine nyingi za TDF zina rola za flanji upande mmoja na rola za klipu upande wa pili. Kama ile unayoitazama haina, utanunua klipu maisha yako yote. Kama inazo, mabaki ya bati ambayo leo unayauza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu yatageuka klipu zako. Karakana yenye kazi za kila siku huihisi tofauti hiyo mfukoni.

Wako wanaofikiri kutengeneza kona wenyewe. Inawezekana, lakini itakudai kalibu sahihi na mashine ya kupigia, na kalibu ikichakaa kidogo kona zote zitakosa kipimo. Mwenye karakana changa ni heri anunue kona, aelekeze nguvu zake kwenye dakti.

Usikubali kuuziwa geji

Karibu kila mtu Afrika Mashariki analijua bati kwa geji, kwa sababu ya paa za nyumba: geji 30 ni jepesi, geji 28 lina nafuu. Kwenye mashine ya rola, geji ni mtego. Ziko hesabu zaidi ya moja za geji. Kwa hesabu ya zamani ya Uingereza, geji 24 ni milimita 0.56. Kwa hesabu ya Marekani ya mabati yenye zinki, geji 24 ni milimita 0.70. Mwenye mashine aliyeandika kwamba inakunja hadi geji 18 anaweza kuwa anamaanisha milimita 1.22 au 1.31, na usijue ipi.

Sababu ya kujali tofauti hizo ni kwamba nguvu ya kukunja bati hupanda kwa mraba wa unene wake. Ukiongeza unene mara mbili, kutoka milimita 0.6 hadi 1.2, mashine inahitaji nguvu mara nne hivi. Shafti zinapinda, beringi zinalia, cheni zinavutika. Mashine inayopita milimita 0.6 kama kisu kwenye embe yaweza kusimama kabisa kwenye 1.2. Na chuma cha pua, ambacho hutakiwa kwenye jiko na hospitali, ni kigumu zaidi na hurudi nyuma baada ya kukunjwa. Muuzaji akikupa kipimo cha bati la zinki, usidhani kwamba kimefunika na chuma cha pua.

Basi andika unene wote unaoutumia katika milimita, kutoka mwembamba kabisa hadi mnene kabisa, na upime kwa mikromita, si kwa kusoma karatasi ya bati. Kwa dakti za kawaida utakuta uko kati ya 0.5 na 1.2. Ikiwa kazi zako tisa katika kumi ziko kati ya 0.6 na 0.9, usilipe bei kubwa ya mashine ya milimita 1.5 kwa ajili ya kazi ya mara moja kwa mwaka. Kazi hiyo moja ifanye kwa chuma cha pembe. Upande wa pili, usinunue mashine ambayo bati lako nene kabisa ndilo kikomo chake. Mashine inayofanya kazi kila siku kwenye kikomo chake haizeeki vizuri.

Zinki nayo iangalie. Bati lenye alama ya Z275 limepakwa gramu 275 za zinki kwa kila mita ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa. Huo ni unene wa kama mikroni 20 kila upande. Rola zilizokwaruzika huuchuna utando huo, na kwenye hewa ya chumvi ya Tanga, Zanzibar au Mombasa kutu itaanzia hapo hapo kwenye mkunjo. Pitisha kidole kwenye rola zikiwa zimezimwa na umeme umeondolewa: ziwe laini kama kioo cha saa. Rola nzuri hutengenezwa kwa chuma cha aina ya beringi, kilichokazwa kwa moto hadi kufikia ugumu wa takriban 58 hadi 62 kwa kipimo cha Rockwell C.

Umeme wako na umeme wa mashine

Umeme wa njia tatu Tanzania na Kenya ni wa volti 400 hadi 415, kwa mizunguko 50 kwa sekunde. Mashine za Kichina za volti 380 na mizunguko 50 hufanya kazi hapa bila shida kubwa. Shida huja na mashine zilizotumika kutoka nje.

Mashine iliyotoka Oman au Falme za Kiarabu ilikuwa kwenye mizunguko 50 kama yetu. Iliyotoka Saudia ilikuwa kwenye mizunguko 60. Mota iliyoundwa kwa volti 380 na mizunguko 60, ukiiunga moja kwa moja kwenye volti 400 na mizunguko 50, itazunguka polepole kwa moja ya sita, na hilo ndilo dogo. Kubwa ni kwamba sumaku ndani yake itapitiliza kiwango kwa robo hivi, na mota itachemka hadi iungue. Soma kibao cha mota kabla ya kusoma bei. Ukiona namba 60, weka kwenye hesabu yako gharama ya mota mpya au ya inveta.

Mota ya kilowati 5.5 kwa umeme wa njia tatu hutumia ampea 11 hivi ikiwa na mzigo kamili, lakini ikiwashwa moja kwa moja huvuta mara sita au saba zaidi kwa muda mfupi. Kama karakana yako ina njia moja tu ya umeme, nenda TANESCO au Kenya Power uulize gharama ya kuvutiwa njia tatu kabla hujalipia mashine. Na kwa kuwa njia moja kati ya tatu hukatika mara kwa mara mitaani kwetu, funga kifaa cha kuzima mota njia ikipotea. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na kusuka mota upya.

Kasi si hoja

Wauzaji hupenda kutaja kasi: mita 8, mita 12, mita 15 kwa dakika. Rudi kwenye ile dakti yetu yenye mita 4 za flanji. Kwa mashine ya mita 10 kwa dakika, rola zitafanya kazi sekunde 24. Kwa mashine ya mita 15, sekunde 16. Umeokoa sekunde 8. Kisha fundi atatumia dakika nyingi kupinda bati, kufunga mshono, kupachika kona nane na kupaka silikoni. Mwenye karakana ya mafundi wanne hatajirishwi na sekunde 8, ila atapoteza siku nzima kama flanji zinatoka zimepinda na kila kona inapachikwa kwa nyundo.

Kinachostahili kulipiwa ni vitu visivyotajwa kwenye tangazo. Je, meza ya kuingizia bati ni ndefu na ina kiongozi kinachonyoosha ukingo? Je, kipande kifupi chaweza kupita? Kipande kinachozidiwa urefu na umbali wa kati ya jozi mbili tatu za rola hakishikwi vizuri, na dakti ndogo zina pande fupi nyingi. Je, nafasi kati ya rola hurekebishwa kwa skrubu zenye alama, au kwa kubahatisha? Je, beringi zake ni za vipimo vinavyouzwa kila mahali? Mashine ambayo beringi yake husubiriwa miezi miwili si mashine, ni pambo.

Siku ya jaribio

Usinunue mashine kwa video. Kama huwezi kusafiri, tuma bati lako na kona zako kwa muuzaji, udai zirudi zikiwa zimefanyiwa kazi mbele ya kamera bila video kukatwa. Kama mashine iko jirani, nenda na vitu hivi: vipande vya bati lako jembamba kabisa na nene kabisa, vyote vyenye urefu wa mita 1.2; kona zako kumi; skwea; rula ndefu ya chuma; mikromita; na fundi wako mwenye mikono mizuri.

Pitisha bati jembamba kwanza. Lilaze kwenye sakafu iliyonyooka, weka rula kando ya flanji, tazama mwanga unaopita. Kwa urefu wa mita 1.2 mimi sikubali mwanya unaozidi milimita moja. Weka skwea kati ya uso wa flanji na bati, mwanzoni, katikati na mwishoni. Kisha pitisha bati nene bila kugusa skrubu yoyote, upime tena. Mashine itakayodai kurekebishwa kila unene ukibadilika kidogo itakula asubuhi zako. Ukipitisha bati nene, sikiliza mota na ushike mashine kwa mkono: fremu ikitikisika, shafti ni dhaifu.

Pima pia bati linaloliwa. Kata kipande chenye upana wa milimita 300 kamili, pitisha ukingo mmoja, halafu pima kutoka uso wa flanji hadi ukingo wa pili. Tofauti ndiyo gharama ya flanji, na itajirudia kwenye kila ncha ya kila dakti utakayotengeneza. Usipoiingiza kwenye vipimo vya kukatia, dakti zako zote zitatoka fupi.

Mwisho, na ndilo jaribio kubwa, tengeneza dakti moja kamili. Chonga, kunja, pinda, funga, pachika kona nne kwenye ncha moja. Kona iingie kwa shinikizo la mkono na pigo moja jepesi, ibaki hapo bila kucheza hata ukiitikisa dakti. Funga dakti ya pili mbele yake, weka tochi ndani, zima taa za karakana. Ukiona nuru kwenye kona kabla ya silikoni, jua silikoni ndiyo itakayobeba mzigo wote, na silikoni si chuma.

Vidole

Rola hazijui tofauti ya bati na kidole. Mahali rola mbili zinapokutana huvuta kila kinachokaribia. Glavu zinahitajika kubebea bati, kwa kuwa ukingo wake hukata kama wembe, lakini mbele ya rola zinazozunguka glavu ni hatari, kwani hushikwa na kuuvuta mkono mzima. Zoeza mafundi wako kubeba bati kwa glavu, kuzivua, kisha kulisha mashine kwa kiganja kilicho nyuma ya bati.

Dai kinga juu ya rola na cheni, swichi nyekundu ya dharura pande zote mbili, na kanyagio la mguu lenye kifuniko. Kama mashine iliyotumika imeondolewa kinga zake, zitengeneze kabla haijawashwa. Wewe ni fundi wa bati, na kinga ni bati. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 nchini Tanzania, na ile ya Kenya ya mwaka 2007, zinamtaka mwajiri afanye hivyo. Hata kama zisingekuwepo, kijana anayekulishia mashine ana mama yake nyumbani.

Nani asinunue

Si kila karakana inahitaji mashine hii. Kama unapata kazi ya dakti mara mbili kwa mwaka, nunua flanji ya kuvalishwa iliyokwisha kukunjwa, uikate na kuifunga. Kama mko karakana nne mtaa mmoja, iwe Gerezani, Dar es Salaam, au Kamukunji, Nairobi, fikirieni kununua moja kwa ushirika, iwekwe kwa mmoja wenu, na wengine walipie kwa mita. Mashine inayokaa kimya inakula mtaji kimya kimya.

Lakini kama dakti ni kazi yako ya kila wiki, na bado unachomelea chuma cha pembe, basi wakati umefika. Hospitali, hoteli na majengo ya ofisi yanajengwa, na wahandisi wanaoyasimamia wanaanza kudai vipimo vya uvujaji. Karakana itakayoweza kuonyesha kona isiyopitisha nuru ndiyo itakayopewa kazi.

Ile ofisi ya Dar es Salaam tuliifanyia marekebisho siku mbili. Tuliondoa kona zote zilizolegea, tukaweka zinazoikubali flanji ile, tukabadilisha gasketi. Doa halijarudi. Mashine iliyozikunja flanji hizo bado inafanya kazi, na mwenye nayo sasa huagiza kona kutoka kwa mtengenezaji mmoja tu, kwa bei ghali kuliko alivyopanga. Hiyo ndiyo gharama ya kuuliza swali mwishoni. Ndugu msomaji unayejiandaa kununua, liulize mwanzoni. Beba bati lako, beba kona zako, na usisaini hati yoyote mpaka dakti moja kamili imefungwa mbele ya macho yako.